Mama Alivyokufa Kwenye Klipu

Klipu za kwaya za kwetu zinafanana zote, na mimi niliyeimba sauti ya pili tangu nikiwa msichana wa shule nina ruhusa ya kusema hivyo. Wanawake mbele, wanaume nyuma, kitenge kimoja kwa wote, na nyuma yao bustani ya tajiri fulani huko Goma. Mtu anaimba mateso ya Ayubu huku akitabasamu mbele ya maua ya waridi. Katikati ya wimbo wanabadilisha nguo, hakuna anayejua sababu, kisha wanashuka ngazi za nyumba ya ghorofa ambayo hata mmoja wao hajawahi kulala ndani yake. Nilizipenda hata hivyo. Mimi ni mshonaji hapa Nyabiondo, na nguo nyingi za kwaya za pande zetu zimepita kwenye cherehani yangu, kwa hiyo nilitazama mishono kwanza. Wimbo ulifuata baadaye.

Klipu iliyonifungua macho niliiona Walikale. Kanisa la huko lilitualika, mvua ya msituni ikatukamata barabarani, tukajisukuma ndani ya saluni ya mama mmoja msusi mwenye televisheni inayotumia umeme wa jua. Ulikuwa wimbo wa mapenzi wa Kilingala, wenye maneno machache sana. Mwanaume anasema tu, njoo tule, njoo tule. Ukisikiliza kwa masikio peke yake, utadhani ni kijana anamwita mchumba wake. Lakini kwenye picha kuna mzee anayepika. Anaweka sahani mbili, anapangusa kiti cha pili, anakaa, anakula. Halafu anaosha sahani zote mbili. Ile ya pili haikuguswa, lakini anaiosha taratibu kuliko ya kwanza.

Hakuna aliyetuambia kwamba mke wa yule mzee amekufa. Wimbo haukusema. Mama msusi alikuwa ameshika nywele za mteja wake, akaziacha, akasema, "Ee Mungu, ule mama haiko tena." Mimi nililia mbele ya watu nisiowajua, na si mtu wa kulialia. Wimbo ulikuwa unasema njoo, picha ilikuwa inasema hatakuja, na mimi nilikuwa katikati yao bila pa kujificha. Nilirudi Nyabiondo na jambo hilo kichwani, na kila nilipokanyaga cherehani niliwaza wimbo wa mama yangu.

Sasa niseme habari ya wimbo huo. Kaka yangu, kifungua mimba wa mama, alikwenda Rubaya kuchimba madini ya koltani kama vijana wengi wa vilima vyetu. Mwanzoni alikuwa anakuja. Alileta chumvi, sabuni, na stori za kutuchekesha mpaka baba alikuwa anashika mbavu. Kisha baba akaugua, akafa upesi, wakati barabara imefungwa na mtandao umekatika. Tulituma habari kwa midomo ya watu, kwa wabeba mizigo na watu wa pikipiki waliojua njia za kuzunguka. Ilipomfikia kaka, baba alikuwa ameshazikwa na majani yameanza kuota juu ya kaburi.

Kaka hakuja. Mtu mmoja wa kwetu alikutana naye huko, akamuuliza anangoja nini, akajibu, "Nitaingia mu ile nyumba na uso gani? Mutoto wa kwanza, na sikuzika baba." Baadaye akabadilisha namba ya simu. Misimu ya maharagi ikapita, tukapanda na kuvuna, na kiti chake kikakaa ukutani.

Mimi nilikuwa na hasira naye, niseme ukweli. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtupia siku nikimwona, na mengine hayafai kuandikwa na mwana kwaya. Mama hakuwa na hasira hata kidogo. Alitaka kitu kimoja tu: mtoto wake aje nyumbani, aambiwe kwa kinywa kwamba hakuna anayemlaumu. Alijua kwamba maneno ya aina hiyo hayatumwi kwa mtu wa pikipiki. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu huo mama aliufanyia wimbo huku akipalilia.

*Mulango iko wazi,*
*moto iko inawaka,*
*chakula iko ku moto,*
*mwenye kula iko mu njia.*

Basi, ndio wimbo wote huo, unaurudia na kuurudia, sauti za wanaume zikiingia chini. Kanisani ulipokelewa kwa vigelegele kwa sababu kila mtu alidhani mwenye kula ni Bwana Yesu anayerudi. Mchungaji aliuhubiri. Mama aliketi kwenye benchi lake akiitikia kwa kichwa kwa adabu. Tulipofika nyumbani nilimuuliza kwa nini hakuwaambia ukweli.

"Niwaambie nini?" akasema. "Yesu naye iko mu njia." Akaendelea kuchambua maharagi.

Kwaya ilipoamua kutengeneza klipu ya wimbo huo, tulimwita kameramani mmoja kutoka Walikale, kijana mpole anayepiga picha za harusi, aliyefika na begi lake mgongoni akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Prezida wa kwaya alikuwa na mpango wake tayari. Twende Goma, tuombe ile bustani, tuvae nguo mpya. Nikasimama. Mimi nikisimama kwenye mkutano watu hushusha pumzi, wanajua hawatakula mapema.

Niliwaambia habari ya sahani mbili. Niliwaambia kwamba bustani ya mtu wa Goma haijui kitu kuhusu sufuria ya mama yangu, na kwamba wimbo huu una mlango, una moto, una njia, na vyote hivyo tunavyo hapa hapa bila kuomba ruhusa ya mtu. Kisha nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema. Kule Rubaya wachimbaji wana simu, na klipu inaruka kutoka simu moja kwenda nyingine, inapanda vilima ambavyo sisi hatuvipandi. Namba ya mtu inaweza kupotea. Klipu haihitaji namba.

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango. Alinyanyua kichwa, akanitazama, na nikaona kwamba tangu dakika hiyo klipu haikuwa tena ya kwaya.

Kameramani akainua mkono. Akauliza swali moja. "Huyu mwenye kula, ni nani?"

Watu wakacheka. Prezida akamwambia kwa upole, kama anayemsaidia mgeni, kwamba ni Bwana Yesu.

"Ni mutoto wangu wa kwanza," akasema mama. "Iko Rubaya."

Prezida akashika kidevu. "Mama, sisi wote tulijua ni Yesu."

"Yesu anajua njia, Papa. Mutoto wangu njo mwenye hajue."

Nilimpenda mama siku ile kwa namna ambayo sikuwahi kumpenda kabla, na nilikuwa nampenda vya kutosha.

Kesho yake tulikaa jikoni kutengeneza senario, yaani mpango wa picha zote. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kameramani ni mtu wa kubonyeza kitufe, lakini yule kijana aliuliza kama daktari. Mtoto anakula upande gani wa moto? Mama anafunga mlango saa ngapi? Mama akamjibu kwamba haufungi, anauegemeza tu na jiwe dogo, mbuzi wasiingie. Aliandika jiwe. Mwisho wake akaweka kalamu chini, akaonekana na aibu.

"Mama, kuko kitu moja," akasema. "Kama tunaonyesha unangoja tu, unangoja tu, mutoto ataona bado iko na wakati. Mutu mwenye iko na wakati hatoke."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Ufe."

Nilitaka kumfukuza na mwiko. Mama akageuza muhogo kwenye makaa, akafikiri. Shemasi mmoja mzee aliyekuwa amekuja kuazima jembe akasikia yote, akakataa kwa nguvu. Alisema mtu hachezi kufa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

"Papa Shemasi," mama akamjibu, "mimi nitakufa hata bila klipu." Kisha akamgeukia kameramani. "Nitakufa. Lakini niamuke mbele ya wimbo kuisha. Sitake mutoto wangu abaki na mama mufu mu kichwa."

Kwa hiyo wakapatana. Kijana wa kwenye klipu, mmoja wa waimbaji wetu akiigiza mchimbaji, angelala na kuota kwamba amefika nyumbani amechelewa, amekuta kilio cha mama yake. Angeshtuka, angekimbia, na mwishoni mlango ungefunguka, mama angekuwa amesimama. Ndoto ndani ya wimbo. Nilijiona mimi mwenyewe ni mtengenezaji wa sinema.

Siku ya kupiga picha tulianza mapema, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye bonde. Tulitandika mkeka sebuleni, tukamlaza mama, tukamfunika shuka jeupe mpaka kifuani. Nje tuliwasha moto mkubwa na wanaume wa kwaya wakaketi kuuzunguka, kama inavyokuwa kwetu mtu akifa. Ndani wanawake wakakaa chini wakizunguka mkeka.

Mama alikuwa mfu mbaya kabisa. Alicheka. Kameramani alimsihi, "Mama, usicheke, uko mufu," na hilo lilimchekesha zaidi. Alipotulia, akafungua jicho moja na kusema kuna mdudu anatembea kwenye mkono wake. Kisha akataka kujua kama sufuria yake imeachwa kwenye moto. Tulimwambia marehemu hawaulizi mambo ya sufuria. Akasema mwanamke wa kweli huuliza hata akifa.

Tatizo la pili lilikuwa waimbaji wetu. Wanajua kuimba kilio, hawajui kulia. Walilia kwa sauti tatu zilizopangwa vizuri. Kameramani akawaambia kila mmoja amkumbuke mtu wake aliyemzika. Kidogo kidogo sauti zikavunjika. Soprano mmoja akamkumbuka mtoto wake, akalia kweli, na wengine wakamfuata. Mimi nilimkumbuka baba. Kilio kikatoka nje ya nyumba, kikashuka bondeni, kikapanda upande wa pili ambako watu walikuwa mashambani.

Hakuna kati yetu aliyekumbuka kuwaarifu majirani. Sote tulikuwa tumekaa kwenye mkutano, tukasuka ndoto ndani ya wimbo, tukajadili mpaka jiwe la mlango, na hakuna aliyekumbuka kwamba moto wa asubuhi mbele ya nyumba, wanaume wakiuzunguka na wanawake wakilia ndani, kwetu ni tangazo. Halihitaji redio.

Wakaja. Walikuja na majembe mikononi na matope miguuni, wengine na kuni kichwani, wengine na bakuli la maharagi, mmoja na ndoo ya maji, kila mtu na kile alichokuwa karibu nacho. Walipomwona kameramani hawakushangaa, maana siku hizi hata vilio vinapigwa picha ili ndugu walio mbali waone. Wa kwanza kuingia ndani alikuwa jirani yetu wa upande wa mihogo, mjane wa rika la mama. Yeye na mama walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba ambao ulikuwa mkubwa kuliko shamba lenyewe. Kwa miaka walisalimiana kwa kidevu tu. Alitupa kuni zake mlangoni, akatupita sote, akaanguka kando ya mkeka.

"Mama weee!" akalia. "Unaniacha na nani? Nani tena atanikasirikia? Njo mimi nilisogeza ile jiwe ya mupaka! Mimi! Ile mihogo ilikuwa yako, nilijua ni yako, nikakula! Amuka uniseme!"

Kameramani alikuwa ananitazama kwa macho ya kuuliza, mkono wake haukuacha kamera. Ningeweza kusema neno. Lakini nilimtazama mama, nikaona shuka linatetemeka. Nilidhani anacheka. Kisha nikaona chozi linatoka pembeni mwa jicho lililofumbwa, linateremka kwenye sikio, halafu jingine.

Mama mwenyewe ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikaa. Marehemu alikaa wima, akanyoosha mikono, akamkumbatia jirani. Watu wakamwagika nje ya nyumba. Prezida wa kwaya, aliyejua senario neno kwa neno, alitoka kwa dirisha. Jirani alipiga ukelele ambao nadhani Walikale waliusikia. Alipomgusa mama uso na kukuta ni wa moto, akavua kitenge cha begani, akaanza kumchapa nacho, mgongoni, mabegani, akilia na kumtukana, na mama akizidi kumshika.

Majirani hawakurudi nyumbani. Kuni zilikuwa zimefika, maharagi yamefika, moto ulikuwa unawaka. Tukapika. Mama alizunguka kati ya waombolezaji wake akiwapa pole, mmoja mmoja, kwa kuwapotezea asubuhi. Watu walikula na kucheka mpaka jua lilipoanza kushuka, na nilipowatazama nilifikiri kwamba ni mama peke yake hapa duniani aliyepata kujua nani atakuja kwenye kilio chake.

Kameramani alirudi Walikale kufanya montaji, kukata na kuunga picha. Alipotuletea klipu, tuliketi uani tukasongamana kwenye simu yake. Wimbo niliuimba mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nilikuwa kama sijawahi kuusikia. Tunaimba *moto iko inawaka*, na picha ni ya jivu baridi, na mkono wa mama unalitawanya jivu. Tunaimba *chakula iko ku moto*, na mchimbaji yuko gizani ndani ya shimo, taa kwenye paji la uso, anatafuna mkate mkavu. Kisha ndoto: shuka jeupe, uso wa mama, moto wa nje, na jirani yetu akianguka kando ya mkeka. Kameramani aliikata pale pale kabla marehemu hajakaa. Kisha kijana anashtuka, anakimbia, jiwe linasukumwa, mlango unafunguka, mama amesimama. Prezida alipewa picha moja ya kwaya mbele ya maua, maua ya kwetu, ya kando ya kisima. Alistahili, baada ya lile dirisha.

Mchungaji alikuja kumwambia mama kwamba sasa ameuelewa wimbo. Mama alimjibu kwamba hata ile maana yake ya kwanza haikuwa mbaya.

Kisha tukangoja. Klipu ilitembea. Niliisikia kwenye simu ya muuza mafuta ya taa, niliisikia kwenye pikipiki zinazopita. Kila mtu wa pikipiki aliyesimama kwetu mama alimwuliza, "Papa, unatoka Rubaya? Wameiona kule?" Wengine walisema ndiyo, wengine walisema sijui, mama. Maharagi yakaota, yakatoa maua. Aliacha kuuliza kwa sauti, akawa anatazama tu uso wa mtu anayeshuka. Hilo liliniuma kuliko maswali. Nilianza kujilaumu kwa kumpa tumaini lenye miguu mirefu kiasi hicho.

Siku moja mchana tulikuwa wawili shambani nyuma ya nyumba, tukipalilia, mawingu yakianza kukusanyika juu ya vilima. Kaburi la baba liko pembeni mwa shamba hilo, karibu na migomba. Nilimwona mwanaume amesimama pale. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kipara, mgongo umetugeukia. Alilitazama kaburi la baba, kisha akaanza kuzunguka polepole, akitazama chini, akaenda mpaka kwenye migomba, akarudi, akapita tena upande mwingine. Mama akafikiri ni mtu amepoteza mbuzi.

"Papa!" akamwita. "Uko unatafuta nini?"

Hakugeuka. "Natafuta kaburi ya mama yangu," akasema. "Wamemuzika wapi?"

Sauti hiyo ningeitambua hata chini ya maji. Jembe likaniponyoka. Mama alisimama akiwa amefunga kitenge chake cha shamba, mikono imejaa udongo.

"Mama yako iko hapa," akasema. "Inapalilia maharagi."

Kaka akageuka. Sitaki kuelezea uso wake, na hata nikitaka sitaweza. Alirudi nyuma hatua kama mtu anayeona mzimu, akashika mgomba. Mama akamwendea kwa kukatiza mistari ya maharagi, akayakanyaga yeye mwenyewe, ambaye hutukemea tukikanyaga hata jani. Akamshika mashavu kwa mikono yake yenye udongo. Kisha akaona kichwa. Kwetu mtoto hunyoa nywele akifiwa na mzazi. Akapitisha kiganja juu ya kipara hicho, mbele na nyuma.

"Ulininyolea nywele," akasema.

Maneno yalimtoka kaka vipande vipande. Hakuwa ameiona klipu. Alikuwa ameona kipande kidogo tu ambacho mchimbaji mwenzake alikiweka kwenye statut yake ya WhatsApp, sehemu iliyomgusa: shuka, uso wa mama, kwaya ikisikika nyuma kama inavyoimba kwenye kilio cha muumini mwenzao, na chini yake vialama vya mishumaa na neno pole. Hivyo ndivyo tunavyotangaza vifo siku hizi. Nilimuuliza, nusu kwa kilio na nusu kwa ukali, kwa nini hakuuliza mtu kwanza.

"Nilimuona ule jirani," akajibu. "Nikamuona anaanguka chini. Ule mama hawezi kulilia mama yetu ya bure."

Wenzake kule kilimani walikuwa wamemfanyia kilio. Waliacha kuchimba, wakawasha moto, wakakaa naye. Kisha akapanda pikipiki mpaka ilipokwama, akamalizia kwa miguu, akiomba njia nzima akute hata udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Alikuwa ameshindwa kuja kwa mama aliye hai. Kwa mama aliyekufa alikuja akikimbia.

Nilisubiri mama aseme lile alilokuwa ameliweka miaka hiyo yote, kwamba hana kosa, kwamba hakuna anayemlaumu. Hakulisema. Alimshika mkono kama mtoto mdogo anayepelekwa shule, akamrudisha mpaka kwenye kaburi la baba, akamsimamisha mbele yake. Mimi niliwafuata. Maneno yangu yote makali yalikuwa yamenitoroka, na sikuyatafuta.

"Hayo machozi umeleta, usiyarudishe," akamwambia. "Baba yako njo huyu."

Kaka alitikisa kichwa, akasema hawezi, amechelewa mno.

"Sikiliza," akasema mama. "Mbele ya kufa, baba yako alikuuliza. Aliuliza mara mingi. Nikamwambia uko unakuja, uko karibu kufika. Akalala muzuri. Njo tangu ile siku nabeba ile neno, sababu nilimudanganya mutu anakufa." Akafuta pua kwa ukingo wa kitenge. "Leo umefika. Haiko tena uongo."

Nilikuwepo nyumbani wakati baba anakufa, na sikuwa nimelijua hilo. Kaka alipiga magoti kwenye majani, akamlilia baba kwa sauti, kwa jina ambalo sisi watoto tulikuwa tunamwita. Mvua ikaanza. Mama aliweka kiganja chake juu ya kile kichwa kilichonyolewa, akakiacha hapo.